Kabla ya Kuvuka Mfangano na Rangi Zako

Watu wa Kisumu wanaopanga kwenda kuchora visiwani huanza na orodha ya rangi. Mimi ningeanza na upepo. Usiku hadi alfajiri upepo wa Ziwa Victoria hutoka nchi kavu ukielekea majini. Jua likishapasha ardhi, hugeuka, na kufikia alasiri unavuma kutoka ziwani na mawimbi yamepanda. Kwa hiyo panda boti ya kwenda kisiwa cha Mfangano pale Mbita asubuhi. Ukivuka saa kumi jioni ukiwa na turubai kubwa mkononi, ujue umebeba tanga. Ulizia jaketi la kujiokoa kabla hujalipa nauli, na nahodha akisema tungoje, ngoja. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, ongeza siku moja ya ziada katika mpango wako.

Mwanga nao una saa zake. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, na kuanzia saa tano hadi saa tisa vivuli hujikunja miguuni na vilima vyote vinaonekana bapa. Wakati huo kula samaki, lala, au chora kwa mkaa chini ya mti.

Kwa vifaa, karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba ndiyo inayostahimili. Ibandike kwenye ubao wa plaiwudi kwa selotepu ya karatasi pande zote nne. Klipu za pembeni hazitoshi, maana upepo huingia katikati, karatasi ikavimba na rangi ikakimbilia kingo. Stendi ya miguu mitatu ining'inizie mfuko wa mawe katikati, ingawa kwa maoni yangu stendi ni mzigo wa bure kisiwani: keti chini, ubao magotini. Akriliki hukauka kwenye sahani kabla hujaichanganya, basi beba chupa ya kupulizia maji. Rangi ya mafuta haina shida hiyo, ila sami wakipanda kutoka ziwani, lile wingu jeusi la vijidudu, watanasa humo kwa mamia. Wengine huwabandua mmoja mmoja kwa kibano. Mimi ningewaacha. Joan Eardley, mchoraji aliyefanya kazi ufuoni Catterline, Scotland, hadi alipofariki 1963, ana picha ambazo nyasi na mbegu zimo ndani ya rangi yenyewe, na hakuna anayedai zina uchafu.

Ukitaka upepo uchore wenyewe, funga kalamu ya wino kwa uzi kwenye tawi jembamba, tandaza karatasi chini yake hadi ncha iiguse, kisha uondoke. Mchoro wa asubuhi utakuwa na vistari vifupi. Wa alasiri utajaa mikwaruzo inayovutwa upande mmoja.

Maji ya kusuuzia brashi yachote kwa ndoo ukiwa mahali pakavu. Usiingie penye matete, maana konokono wa kichocho wako humo na viboko hawako mbali. Maji machafu ya akriliki usiyamwage ufuoni. Kuna mama anayechota hapo maji ya kupikia.

Ruhusa ni jambo la mapema. Michoro ya kale ya miambani ya Kwitone na Mawanga, yale maduara mekundu na meupe yanayohusishwa na Watwa, wawindaji wa kale, panga kuiona kupitia makumbusho ya Abasuba palepale Mfangano. Usiiguse wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha, ndivyo inavyofutika. Kwenye fuo za wavuvi pitia kwanza ofisi ya BMU, yaani kamati inayosimamia ufuo, na wanawake wanaoanika omena waombe kabla hujafungua daftari. Anayekataa, amekataa.

Kwa safari ya kurudi, mwambie fundi akutengenezee kasha bapa la mbao lenye vijiti vya kutenganisha picha mbichi, upana wake usizidi kimo cha goti lako, kwa sababu kwenye boti litakaa katikati ya magunia, kreti za soda na kuku.