Mbolea ikigusa mbegu: kwa nini mahindi yanaota kwa mapengo

Mahindi yakiota kwa mapengo, wa kwanza kulaumiwa ni aliyeuza mbegu, wa pili ni mchwa. Kabla hujamlaumu yeyote, fukua shimo moja lisiloota. Mbegu iliyoliwa na wadudu ina matundu au imebaki ganda. Ukiikuta nzima na ncha ya mzizi imekuwa kahawia, yaelekea imeungua, na iliyoiunguza ni mbolea uliyoiweka wewe.

Mbolea ya kupandia kama DAP ni chumvi. Ikiyeyuka, maji yanayoizunguka mbegu yanakolea kuliko maji yaliyo ndani ya seli zake. Utando wa seli hupitisha maji kwa urahisi, lakini chumvi nyingi huzuiwa, na maji hutoka upande usiokolea kwenda upande uliokolea. Hiyo ndiyo osmosisi wanayofundishwa wanafunzi wa sekondari. Basi mbegu iliyopaswa kunywa maji inanyang'anywa hata kidogo ilicho nacho. Zaidi ya hapo, DAP huachia amonia, nayo ni sumu kwa mzizi mchanga. Urea huachia amonia nyingi zaidi, kwa hiyo isiingie kabisa kwenye shimo la mbegu.

Kama una mwanafunzi nyumbani, mwambie akate vipande viwili vya kiazi, unene wa nusu sentimita. Kimoja akiweke kwenye glasi ya maji matupu, kingine kwenye glasi yenye vijiko viwili vya chakula vya chumvi. Baada ya saa moja au mbili, cha kwanza kitakuwa kigumu na cha pili kimelegea. Mbegu yako inapata yaleyale ardhini, ila huioni.

Sasa vipimo, na tafadhali usikadirie kwa jicho. Chimba shimo la sentimita 10. Weka kizibo kimoja cha chupa ya soda cha DAP, kilichojaa bila kilima, yaani gramu 5 hivi. Fukia kwa udongo wa sentimita 5, ndipo uweke mbegu mbili, kisha ufunike kwa sentimita 5 zilizobaki. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, ekari ina mashimo kama 10,800, na mfuko wa kilo 50 unaitosha karibu yote. Mfuko ukiisha katikati ya shamba, mkono wako umezidisha.

Kosa lenyewe hutokea hapo kwenye kufukia. Anayetia mbolea yuko mbele, anayetia mbegu anamfuata mbio, na udongo wa katikati hautiwi na yeyote. Kutupia vumbi kidogo kwa kidole cha mguu si kufukia! Pima sentimita 5 kwa rula kwenye mashimo ya mwanzo, mpaka mkono uzoee.

Udongo mkavu huzidisha madhara, kwa sababu chumvi ileile inayeyuka katika maji machache na kukolea zaidi. Mchanga nao haushiki maji. Panda udongo ukiwa na unyevu hadi chini ya shimo. Manyunyu ya jioni moja hayatoshi.

Ukifanya hivyo mapengo yatapungua.

Penye pengo, rudishia mara tu miche mingine inapochomoza, la sivyo mche wa nyuma utafunikwa na kivuli. Na usirudishie ndani ya shimo lilelile, maana mbolea bado imo. Sogea sentimita 10 pembeni.