Hita ya maji haipashi? Pima kabla ya kununua elementi

Mwezi wa sita ukiingia na upepo wa Dodoma ukianza kupenya madirishani, simu yangu hailali. Maneno ni yale yale: "Fundi, hita imekufa." Nikifika, mara nyingi nakuta haijafa.

Mwaka juzi niliitwa nyumba moja pale Ilazo. Mama mwenye nyumba alinipokea na malalamiko mkononi: "Hii ni elementi ya tatu, fundi, na ya kwanza haikumaliza hata mwaka. Niiuze tu skrepa?" Nikamuuliza zile elementi za zamani, yaani vile vyuma vinavyopasha maji ndani ya tangi, ziko wapi. Akaenda stoo, akaniletea mbili ndani ya mfuko wa rambo. Nikazipima pale pale sebuleni kwa meta ya umeme: ya kwanza omu 35 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ya pili omu 35. Nzima zote. Zilikuwa na magamba meupe kama zimepakwa chokaa, lakini nzima. Aliyekuwa anasumbua ni themostati, kile kifaa kinachokata umeme maji yakifika joto lililowekwa. Ilikuwa inanata, maji yanachemka kupita kiasi, kisha kikata-joto cha usalama kinaruka na kukata umeme. Fundi aliyetangulia kila akibadilisha elementi alikuwa anabonyeza kile kitufe kidogo cha kurudishia, hita inafufuka, na sifa zote zinakwenda kwa elementi mpya.

Ndiyo maana naanza na meta, si na spana. Ninayoyaeleza hapa ni ya hita ya tangi inayoning'inia ukutani, lita 50 au 80, elementi ya wati 1500, ambayo ndiyo nakutana nayo kwenye nyumba nyingi. Zile za kichwa cha bafu zinazopasha papo hapo zina mambo yake mengine; leo naziacha.

Hatua ya 1: Ua umeme, kisha hakikisha umekufa

Zima swichi ya hita, halafu nenda kwenye sanduku la breka uzime breka yake. Bandika karatasi juu yake au mwambie kila aliye ndani ya nyumba. Nimewahi kuwa na mikono ndani ya hita nikasikia mtoto anauliza mbona swichi ya bafuni imezimwa, aiwashe? Breka ilikuwa chini, ndiyo salama yangu.

Usiitegemee testa ya bisibisi ile yenye taa. Chukua meta, weka kwenye volti za AC, ipime kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme ili uone meta yenyewe ni nzima. Kisha fungua kifuniko cha hita upime kati ya laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Rudi tena kwenye soketi uhakikishe meta bado inasoma. Kwa nini vipimo vitatu? Kwa sababu nyumba zetu nyingi waya zimegeuzwa: breka inakata nyutro, laivu inabaki inakungoja kwenye elementi. Hita haifanyi kazi, taa imezimika, na bado inaua.

Kama hujawahi kushika meta, ishia hapa umwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Kuanzia hatua ya 4 kwenda mbele, ile ya maji, unaweza kumsimamia ukajua anachofanya.

Hatua ya 2: Tazama na unuse

Kifuniko kikishatoka usikimbilie kufungua nati. Tazama. Waya uliolegea huacha alama: plastiki imekuwa kahawia, terminali imeungua, harufu ya kuungua bado ipo. Wati 1500 kwenye volti 230 zinavuta ampea 6.5 kwa saa nzima na zaidi, na skrubu iliyolegea inapata joto mpaka inajichoma yenyewe. Fungua na swichi ya ukutani pia utazame nyuma yake. Waya ulioungua ukate mpaka ufike shaba inayong'aa, uchune upya, ukaze.

Kisha tafuta kitufe cha kurudishia kwenye themostati, mara nyingi ni chekundu na kidogo. Kibonyeze. Kikilia "tk", kilikuwa kimeruka, na hita pengine itawaka. Usifunge kifuniko ukaondoka kwa furaha. Kikata-joto hakiruki bila sababu: ama themostati imenata, ama magamba yamejaa, ama iliwashwa tangi likiwa halina maji.

Hatua ya 3: Pima

Chomoa waya za elementi, zote mbili, maana ukipima zikiwa bado zimeunganishwa utapata jibu la uongo. Weka meta kwenye omu, gusa pini mbili. Unachotarajia kinatokana na hesabu rahisi: volti mara volti, gawa kwa wati. Kwa volti 230, elementi ya wati 1500 inasoma kama omu 35, ya 1200 omu 44, ya 2000 omu 26, ya 3000 omu 18. Ikizidi au ikapungua omu mbili tatu si neno. Meta isiposoma kitu kabisa, waya wa ndani umekatika. Hiyo ndiyo elementi iliyokufa kweli.

Kuna kifo cha pili ambacho wengi hawakipimi. Weka meta kwenye kipimo cha juu kabisa cha omu, gusa pini moja na mwili wa elementi. Isisome kitu. Ikisoma omu elfu kadhaa, ganda limepasuka na maji yameingia. Elementi ya namna hii inaweza kuwa bado inapasha maji vizuri tu, lakini inavujisha umeme kwenye tangi. Ndiyo inayoangusha ile breka yenye kitufe cha T, inayokata umeme ukivuja, kila hita ikiwashwa. Ukikuta mtu ameitoa hiyo breka "kwa sababu inasumbua", irudishe kwanza kabla ya kazi nyingine yoyote. Ila ujue meta ya kawaida inapima kwa volti chache tu. Elementi inaweza kuipita meta ikaanguka ikipata 230. Breka ikiendelea kuruka, iamini breka.

Themostati nayo ipime ikiwa imepoa: kila upande, waya unapoingia na unapotoka, isome karibu na sifuri. Isiposoma hata baada ya kubonyeza kitufe, nunua nyingine. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, kwa sababu urefu wa fimbo yake lazima ulingane. Fupi haifiki kwenye maji ya moto, na hita inachelewa kukata.

Hatua ya 4: Toa maji

Kama vipimo ni vizuri lakini maji yanachelewa kupata moto, au hita inaguruma kama sufuria ya maharage, tatizo ni magamba, na tangi lazima lifunguliwe. Kama ilikuwa imewashwa karibuni, ingoje ipoe. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache.

Funga koki ya maji baridi, ile inayotoka kwenye simtanki. Fungua bomba la maji moto bafuni na uliache wazi ili hewa iingie. Bila hewa maji hayatoki. Kisha inua mkono wa sefti valvu, ile valvu ya usalama kwenye njia ya maji baridi, maji yatoke kwa mpira mpaka kwenye ndoo. Yakitoka kwa kusuasua, legeza fleksibo ya maji baridi, lakini beseni liwe chini yake. Hata ukidhani limekwisha, ukitoa elementi zitamwagika lita kadhaa. Tandika taulo kuukuu.

Hatua ya 5: Elementi, magamba, na ile fimbo tunayoisahau

Toa themostati, fungua nati za sahani ya elementi, izungushe taratibu itoke. Kwa maji yetu ya visima hapa Dodoma, yenye chumvi za chokaa, jiandae kuona ajabu. Pale Ilazo nilichota kwa mkono magamba nusu ya ndoo ya lita 10. Maji yakipashwa moto, chokaa iliyoyeyuka inajitenga na kuganda pale penye joto kuliko kote, yaani kwenye elementi yenyewe. Elementi iliyovikwa ganda haiwezi kutoa joto lake, inajipika mpaka inapasuka.

Magamba ya tangini yatoe kwa mkono au kijiko cha mbao. Usichokonoe kwa bisibisi: ndani kuna rangi ngumu kama ya bakuli la kauri, ukiikwaruza tangi linaanza kutoboka kwa kutu hapo hapo. Elementi iloweke kwenye siki, au kwenye maji ya uvuguvugu yenye asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita, saa moja au mbili. Pini zibaki nje, zisilowe. Ile asidi kali ya kusafishia choo usiiguse. Itaondoa magamba na itakula shaba pamoja nayo.

Sasa tazama kwenye hiyo sahani. Pembeni ya elementi kuna fimbo, ikiwa mpya ina unene kama wa kidole gumba. Hiyo ni magnesiamu. Kazi yake ni kuliwa. Kutu inapotafuta chuma cha tangi, inaanza na magnesiamu kwanza, na maadamu fimbo ipo tangi linabaki salama. Ikiisha, zamu ni ya tangi, na tangi lililotoboka halina fundi. Ukikuta umebaki waya mwembamba wa katikati, au fimbo imeliwa zaidi ya nusu, badilisha. Kwangu mimi hiki ndicho kipuri cha maana kuliko vyote ndani ya hita, na ni cha bei ndogo, lakini nimefungua hita za miaka sita ambazo hakuna aliyewahi kuitazama. Kwa maji ya hapa, ifungue kila mwaka.

Hatua ya 6: Rudisha, maji kwanza

Weka gasketi mpya. Ya zamani imeshakakamaa, hata kama inaonekana nzuri. Kaza nati kwa kupishana, moja huku, nyingine upande wa pili, ili sahani ilale sawa. Funga fleksibo, fungua koki, bomba la maji moto likiwa bado wazi. Litatema hewa, litakohoa, kisha litatiririka bila kukata. Hapo tu ndipo unajua tangi limejaa. Kagua uvujaji, kausha, rudisha waya na ethi yake, funga kifuniko, washa. Elementi ikiwashwa bila maji inaungua kwa dakika chache, na nimeshuhudia mpya kabisa ikifa hivyo mbele ya aliyeinunua.

Themostati iweke nyuzi 55 hadi 60. Chini ya hapo vijidudu vinapata makazi, juu ya hapo magamba yanazaliana.

Sefti valvu si uvujaji

Wateja hunipigia kwamba "hita inadondosha maji chini". Maji yakipata joto yanatanuka. Lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 zinaongezeka kama lita 0.7, na kwa kuwa valvu hairuhusu maji kurudi kwenye bomba la baridi, ziada inatokea kwenye kile kitundu chake. Kudondosha wakati inapasha ni afya. Kudondosha usiku kucha ikiwa imezimwa ndiyo ugonjwa: uchafu umekaa kwenye kiti cha valvu, au presha ya bomba ni kubwa mno. Inua mkono wake mara kadhaa isukume uchafu, ikikataa, badilisha. Ile inayofaa imeandikwa bar 8 au MPa 0.8.

Nimekuta kitundu kimezibwa kwa kijiti cha mwarobaini kilichoviringishiwa tredi tepu. Themostati ikinata siku hiyo, maji yanapita nyuzi 100 bila pa kutokea, na tangi linapasuka kama bomu. Nilikitoa kile kijiti nikiwa nimesimama pembeni.

Dalili nyingine, kwa haraka

Maji moto yanatoka kidogo, baridi yanatoka vizuri: sefti valvu imeganda magamba ndani, haifunguki yote. Kama yote mawili ni dhaifu, usiisingizie hita. Simtanki iliyo mita tatu juu ya bafu inatoa kama bar 0.3 tu.

Maji moto yananuka kama yai viza: bakteria wameelewana na magnesiamu. Toa maji yote, pasha mpaka mwisho wa themostati kwa saa kadhaa, mwaga tena.

Ukigusa bomba unahisi kama sisimizi wanakutembea: zima breka sasa hivi, asioge mtu. Ethi haipo au imekatika, na elementi inavuja. Hapo zinatengenezwa zote mbili. Kubadilisha elementi peke yake ni kuahirisha.

Mwisho, kaa na saa yako. Lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kwa wati 1500 zinachukua kama saa moja na dakika 20, na LUKU inakula uniti mbili hivi. Taa ya hita ikizimika baada ya dakika 20 na maji bado ni vuguvugu, magamba yamezunguka kile kibomba inamokaa fimbo ya themostati na kuidanganya kwamba kumeshachemka. Rudi hatua ya 4.