Samadi na Kisima: Pima Mita 30 Kabla ya Kujenga Banda

Wafugaji wa Ruai, Kasarani na Dagoretti, jijini Nairobi, bado wanachimba shimo la samadi hatua kumi kutoka kisimani, tena upande wa juu wa mteremko. Wakiulizwa wanajibu kwamba maji wanayachemsha. Kuchemsha huua vijidudu tu. Mkojo wa ng'ombe mmoja, lita 10 hadi 20 kwa siku, una naitrojeni inayogeuka naitreti, kemikali inayoyeyuka majini, udongoni, na mvua huishusha hadi kwenye maji ya kisima. Moto hauiondoi, maji yakipungua sufuriani, yenyewe inazidi kukolea. Mtoto wa chini ya miezi 6 akikorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo, damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni na midomo ikageuka bluu. Kikomo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 50 za naitreti kwa lita. Ukipeleka maji maabara, itaje naitreti kwa jina, la sivyo huenda wakapima vijidudu peke yake.

Shimo na banda vikae angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini. Pima kwa futi kamba, si kwa macho. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina urefu wa mita 30 tu, kwa hiyo kisima kikiwa katikati hakuna kona inayofaa, hata kwa shimo dogo. Hapo samadi itolewe nje ya ploti kila wiki. Kisima cha jirani nacho kihesabu. Ukuta hauzuii maji ya ardhini.

Mteremko usikisiwe. Jaza maji kwenye mpira wa maji mwangavu, ncha moja uisimamishe kisimani, nyingine bandani. Pima kutoka ardhini hadi usawa wa maji kila upande: penye kimo kikubwa ndipo chini.

Upepo wa Nairobi huvuma zaidi kutoka mashariki, basi banda lisiwe mashariki mwa vyumba vya kulala, vyako wala vya jirani. Upepo huo hubeba amonia, gesi ya harufu kali inayowasha macho, ambayo huzuka mkojo ukichanganyika na kinyesi. Sakafu ya saruji iinamie mfereji sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, mkojo uingie kwenye tangi lenye kifuniko.

Shimo liwe tupu kabla ya mvua: kabla ya katikati ya Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba. Samadi iliyomwagwa shambani ifukiwe siku hiyo hiyo. Ukingoja kesho, sehemu kubwa ya amonia imeshapaa, na mbolea uliyoilipia imekwenda nayo.

Macho yakiwasha bandani alfajiri, amonia imezidi.