Kubaini hitilafu ya insulesheni kwenye transfoma ya mafuta ikiwa kazini

Kupiga mega (kupima ukinzani wa insulesheni kwa kifaa cha volteji ya juu) kunataka transfoma izimwe na nyaya zake zifunguliwe pande zote. Kwa transfoma ya 33/11 kV inayolisha mji mzima, ruhusa hiyo huipati kila unapoiomba. Somo hili linahusu muda wote uliobaki, transfoma ikiwa na mzigo.

Insulesheni ya ndani ni mafuta na karatasi iliyozungushiwa waindingi (nyaya zilizoviringishwa ndani ya transfoma). Vikipata joto kali au cheche huvunjika na kutoa gesi, nayo huyeyuka kwenye mafuta. Kwa hiyo tunatoa mafuta kidogo, maabara inapima gesi hizo (kipimo hiki mafundi wanakiita DGA), nasi tunasoma kilichotokea ndani.

Hatua ya 1: Zunguka kwanza

Angalia kiwango cha mafuta kwenye konseveta (tangi dogo la akiba lililo juu), vipimajoto vya mafuta na waindingi, na silika jeli (chembe zinazokausha hewa inayoingia): ya buluu ikigeuka waridi imeshiba unyevu. Andika mzigo wa saa hiyo. Kama relei ya Buchholz (kifaa kinachonasa gesi kati ya tangi na konseveta) imepiga alamu, usisogelee tangi hata kidogo. Toa taarifa izimwe. Gesi iliyojikusanya humo inawaka.

Hatua ya 2: Chukua sampuli

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na maabara haiwezi kukurekebishia. Usichukue mvua ikinyesha. Tumia sirinji ya kioo ya ml 50 yenye koki ya njia tatu. Chupa ya maji ya kunywa haifai, haidrojeni itatoroka na hewa itaingia.

Kabla ya kufungua valvu ya chini, hakikisha mafuta yanasukuma kutoka ndani. Funga mpira unaoonyesha ndani, weka humo mafuta kidogo, kisha legeza valvu taratibu. Mafuta hayo yakivutwa kuelekea tangi, funga mara moja: transfoma inanyonya, na povu la hewa likifika kwenye waindingi utakuwa umeleta wewe hitilafu uliyokuja kuitafuta.

Yakitoka vizuri, mwaga ya mwanzo kwenye ndoo, maana yamekaa kwenye bomba na hayawakilishi ya tangini. Suuza sirinji kwa mafuta hayohayo, kisha acha msukumo wa mafuta uisogeze pistoni. Usiivute kwa mkono. Kinga sirinji na mwanga, na uandike joto la mafuta. Joto lina maana kubwa kwa kipimo cha maji: mafuta yakipata moto, maji hutoka kwenye karatasi na kuingia kwenye mafuta, yakipoa, hurudi. Sampuli ya alfajiri na ya saa nane mchana hazilinganishwi hivihivi.

Hatua ya 3: Soma gesi

Haidrojeni ikitawala, na methani kidogo, shuku cheche ndogondogo ndani ya insulesheni. Ethilini ikitawala, kuna chuma kilichopata moto mkali, mara nyingi kiungo kilicholegea. Asetilini, ileile ya kulehemu, huhitaji joto la mamia ya nyuzi, na ikiwa nyingi mara nyingi umeme unaruka ndani ya mafuta. Kaboni monoksaidi na dayoksaidi hutoka hasa kwenye karatasi: dayoksaidi ikiwa chini ya mara tatu ya monoksaidi, huku monoksaidi ikipanda, karatasi imeguswa. Mafuta unaweza kuyachuja au kuyabadilisha. Karatasi huibadilishi bila kufungua transfoma.

Namba moja pekee isikutishe. Transfoma ya miaka thelathini huwa na gesi zake. Kinachoniogopesha mimi ni mwendo: haidrojeni iliyokuwa imetulia kwa miaka ikaruka mara mbili ndani ya mwezi.

Hatua ya 4: Pembetatu ya Duval

Michel Duval wa Hydro-Québec, Kanada, alituachia njia rahisi. Jumlisha methani, ethilini na asetilini, kisha tafuta asilimia ya kila moja. Tuseme methani ni ppm (sehemu kwa milioni) 60, ethilini 120, asetilini 20. Jumla 200, yaani asilimia 30, 60 na 10. Ethilini ikifika 50 na asetilini ikiwa chini ya 15, uko eneo la T3: joto la zaidi ya nyuzi 700. Ona basi, asetilini ipo, lakini chanzo ni joto. Pembetatu itumike pale tu gesi zimeshapanda. Kwa transfoma isiyo na hitilafu nayo itakupa jibu, la uongo.

Hatua ya 5: Sikiliza tangi

Ukishuku cheche, bandika vihisi vya sauti nje ya tangi kwa sumaku, na ufunge klampu ya kihisi kwenye waya wa ethi. Mpigo wa umeme hufika papo hapo. Sauti husafiri kwenye mafuta takriban mita 1,400 kwa sekunde, hivyo milisekunde moja ya sauti kuchelewa nyuma ya mpigo ni kama mita 1.4 kutoka cheche hadi kihisi. Pwani, osha kwanza bushingi (vihami vinavyopitisha umeme kuingia tangini) zenye chumvi pakiwa na ruhusa ya kuzima, la sivyo utasikiliza kelele za nje.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, BDV (volteji inayovunja mafuta) ya mafuta yetu ni 55 kV. Bado tupime gesi?*

Ndiyo. BDV inakuambia habari za maji na uchafu. Kiungo kinaweza kuwa kinaungua na BDV ikabaki nzuri.

*Shikamoo mwalimu. Asetilini yetu iko juu, haidrojeni ndogo sana, na transfoma haina dalili nyingine. Tuzime?*

Marahaba. Kama asetilini ni zaidi ya mara mbili au tatu ya haidrojeni, chunguza tepu chenja (swichi ya kurekebisha volteji) inayobadili ikiwa na mzigo. Mafuta yake yana asetilini kwa kawaida, na huenda yanavuja kuingia tangi kuu. Linganisha viwango vya konseveta zote mbili, ya tangi kuu na ya tepu chenja, kisha rudia sampuli mapema. Asetilini ikipanda, omba transfoma izimwe.

*Na hizi za kwenye nguzo, 100 kVA?*

DGA kwa kila moja ni gharama isiyolipa. Pima mzigo, angalia viungo kwa kamera ya joto na utafute alama za mafuta kuvuja au kuibwa. Mafuta yakishuka hadi waindingi ikabaki wazi, hakuna tena cha kupima.