SOMO: Picha za ukumbini usiku, zisitoke na mtikisiko

Wakuu, kila Jumapili asubuhi natumiwa picha za harusi zilizojaa ukungu, na swali ni lilelile: "Kamera yangu ina shida gani?" Haina shida. Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nitakuelekeza hapa.

1. Weka RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata.

2. Zungusha kitufe cha juu hadi M, yaani setingi unapanga mwenyewe.

3. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho. Namba ndogo ya f ndiyo tundu kubwa. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera ukiivuta mpaka mwisho inajibana hadi f/5.6. Ile ya 50mm f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo, na ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko nyingi dukani.

4. Shata, yaani muda inaokaa wazi kwa sekunde: 1/125 kwa waliosimama, 1/250 muziki ukikolea.

5. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Hapa ndipo nilipoharibu. Kwenye sendofu moja nilikuwa nimeshatishwa kwamba ISO kubwa inaleta chenga (vidoadoa kwenye picha), nikaibana 400. Picha zikatoka nyeusi, nikashusha shata hadi 1/15. Kwenye kioo cha nyuma zilionekana safi, maana ukumbi ulikuwa giza na kioo kinang'aa. Nyumbani nikafungua kompyuta: keki imetulia, unahesabu hadi maua yake, ila mkono wa mama unaomlisha binti ni moshi mtupu. Huwezi kumwambia mama amlishe tena. Nilirudisha nusu ya hela.

Kwa hiyo panda hadi 3200, na 6400 ikibidi. Chenga hupunguzwa kwenye kompyuta, na ukichapa saizi ya postikadi hazisumbui. Mtikisiko hauponi. ONYO: usipige giza ukitegemea kung'arisha baadaye, maana ndipo chenga zinapofumuka, hasa kwenye kamera za zamani. ONYO la pili: usiamini kioo. Fungua ile grafu ya mwanga (histogramu), kisha kuza picha mpaka uone kope.

6. Fokasi tumia nukta ya katikati, uilenge penye mwanga na giza vinapokutana: kola, ukingo wa shela. Ukilenga suti nyeusi lenzi itatafuta mpaka wimbo uishe.

MASWALI

— Mkuu naomba setingi tu, sina muda wa kusoma yote.
Jibu: f/1.8, 1/125, ISO 3200. Zikikataa, muda utapatikana.

— Natumia Auto, zinatoka giza. Nifanyeje?
Jibu: Namba 2.

— Kwa hiyo unasema wanaotumia flashi hawajui kazi?
Jibu: Sijaandika hivyo popote. Nami ninayo begini.

— Kaka, flashi naielekeza darini lakini sura zinakuwa zambarau. Dari ni jeupe, nimelikagua mchana.
Jibu: Swali zuri hili dada. Mchana mapambo yalikuwa hayajafungwa. Wapambaji wakishatandaza vitambaa vya zambarau juu, mwanga ukidunda unashuka na rangi yake. Geuza flashi kwenye ukuta mweupe wa pembeni. Ukikosa, funga kadi nyeupe nyuma ya flashi kwa mpira wa kufungia noti.

— Mimi napata michirizi ya giza inayokatiza picha. Shata 1/500.
Jibu: Taa za LED hizo. Umeme wetu ni 50Hz, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shuka 1/100, kama bado jaribu 1/50 na ushike pumzi.

— Nyongeza wakuu: ukitoka kwenye kiyoyozi kwenda nje, lenzi inaota ukungu, hasa huku Dar. Mimi naiacha begini, zipu imefungwa, mpaka izoee joto.
Jibu: Kweli kabisa. Na usifute kwa shati.

— Kwa shati la pamba je?
Jibu: Ndugu yangu.