Kupeleka udongo maabara bila kupoteza hela yako

Wengi wanachota udongo sehemu moja tu, tena pale karibu na njia, wanafunga kwenye mfuko wa rambo halafu majibu yakija hayaeleweki wanasema maabara waongo. Hapana bana, tatizo ni sampo, yaani ule udongo uliochota upimwe.

Fanya hivi. Tembea shamba kwa zigizaga, chimba kama vituo 15 hadi 20, sentimita 20 kwenda chini kwa mahindi au maharage, ruka kwenye kichuguu, chini ya mti, palipolala ng'ombe na pale ulipochoma takataka. Kila kituo chukua kipande chembamba, tia kwenye ndoo ya plastiki iliyo safi, sio ya bati maana zinki inaingia kwenye udongo. Changanya vizuri, toa mawe na mizizi, anika kivulini, usianike juani. Nusu kilo mpaka kilo moja inatosha. Kama kuna bondeni na mlimani, hizo ni sampo mbili, usichanganye.

Mi niliwahi kuandika lebo kwa peni, udongo ulikuwa na unyevu, wino ukayeyuka wote, tokea hapo natumia penseli.

Kama unapeleka majani ya mmea kupimwa, weka kwenye bahasha ya karatasi, kwenye ya nailoni yanaoza. Kama ni maji ya kisima, piga pampu dakika kadhaa kwanza, suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, jaza mpaka juu.

Maabara za kupimia, Tanzania kuna TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga na SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) Morogoro, Kenya kuna KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo) Kabete. Waambie unataka kupanda nini, na uliza bei kabla hujapanda basi.