Kabla hujafungua seva kupachika draivu ya tepu

Kupachika draivu ya tepu, yaani kifaa kinachoandika nakala rudufu za data kwenye kaseti, ndani ya seva ni kazi ya nusu saa, labda dakika 40 ikiwa skrubu zimejificha. Shida ni kwamba wengi hujiandaa kwa hiyo nusu saa tu. Bisibisi mkononi, kava limeshawekwa chini, ndipo mtu anagundua kwamba plagi ya draivu haifanani na tundu lolote lililomo humo ndani. Seva imezimwa, watumiaji wanapiga simu, na kifaa cha bei kubwa kimelala mezani. Karibu matatizo yote niliyokutana nayo kwenye kazi hii yangeweza kuonekana wiki moja kabla, seva ikiwa bado inawaka.

Anza na kaseti, si draivu. Draivu mpya zinazouzwa kwa ajili ya seva siku hizi karibu zote ni za mfumo wa LTO, ulioanza mwaka 2000 na kaseti za gigabaiti 100. Kila kizazi kina masharti yake ya kipi kinasoma kipi. Hadi kizazi cha saba, draivu ilisoma vizazi viwili vya nyuma na kuandika kimoja: LTO-7 husoma kaseti za LTO-5 na LTO-6, lakini huandika kwenye za LTO-6 na za kwake tu. Kuanzia LTO-8 masharti yakabana. LTO-8 inarudi nyuma hadi LTO-7 na kuishia hapo, LTO-9 inaishia LTO-8, na LTO-10 iliyotoka 2025 haisomi kaseti ya kizazi kingine chochote. Kwa hiyo mwenye kabati lililojaa LTO-6 akinunua LTO-8 kwa kuwa ni mpya zaidi, amenunua kifaa kisichoweza kusoma hata kaseti moja ya kabati lake. Zitoe kaseti zote, uzihesabu na kuziorodhesha kwa namba zake. Kwenye lebo ya msimbopau, herufi na tarakimu za mwisho (L6, L7, L8) ndizo zinazotaja kizazi.

Ukiwa hapohapo, usiamini ile namba kubwa kwenye boksi. Kaseti ya LTO-8 inabeba terabaiti 12. Ile 30 iliyoandikwa kwa maandishi manene inadhania kwamba data yako itabanwa mara mbili na nusu. Hifadhidata na mafaili ya maandishi hubanika vizuri. Picha na video za kawaida, na chochote kilichokwisha kusimbwa (kugeuzwa siri kwa ufunguo), karibu havibanwi. Piga hesabu kwa namba ndogo.

Sasa tuje kwenye muunganisho, maana hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Draivu ya ndani ya kisasa hutumia SAS, aina ya muunganisho wa diski na vifaa vya seva. Itazame plagi yake kwa makini: inafanana sana na ya diski ya SATA, muunganisho wa diski za kompyuta za kawaida, ila kwenye SATA kuna nafasi wazi kati ya sehemu ya data na sehemu ya umeme, na kwenye SAS nafasi hiyo imezibwa kwa plastiki. Kizibo hicho kidogo kimewekwa makusudi. Kadi ya SAS inaweza kuendesha diski ya SATA, lakini tundu la SATA kwenye ubao mama haliwezi kuendesha kifaa cha SAS, na hakuna adapta ya plagi itakayobadilisha hilo.

Wengine husema, "Seva yangu ina kadi ya RAID yenye SAS, nitachomeka hapo." Simama kwanza. Kadi nyingi za RAID, zile zinazounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, zinaona kila kilichochomekwa kama diski, na draivu ya tepu ama hazioni kabisa, ama zinaiona kisha inakatika katikati ya kazi. Nyaraka za kadi zitakwambia kama tepu inakubalika. Zikiwa kimya, chukulia kwamba haikubaliki. Njia ya uhakika ni kadi ya SAS ya pekee, isiyo na RAID, kwa ajili ya draivu tu. Ni gharama ya ziada, ndiyo, lakini hutakaa usiku kujiuliza kama kosa ni la tepu au la kadi.

Kadi hiyo nayo inahitaji pa kukaa. Hesabu nafasi za PCIe (matundu ya kadi kwenye ubao mama) zilizo wazi, kisha angalia urefu wake: aina nyingi za seva za rafu hupokea kadi fupi tu, na kadi iliyokuja na bati refu nyuma haitaingia mpaka ubadilishe bati. Kama seva ina soketi mbili za prosesa na moja iko tupu, baadhi ya nafasi za PCIe huwa zimekufa, kwa sababu zinategemea ile prosesa ambayo haipo. Nimeona fundi akihangaika saa nzima na kadi nzima kabisa iliyochomekwa kwenye nafasi ya namna hiyo.

Kebo usiache iwe ununuzi wa mwisho. Upande wa draivu kwa kawaida ni plagi ya aina ya SFF-8482. Upande wa kadi ni SFF-8087 kwa kadi za zamani kidogo na SFF-8643 kwa mpya. Majina yanachosha, ila kosa la tarakimu moja linamaanisha kebo isiyoingia. Kebo ya SFF-8482 ina mkia mwingine wa umeme, na mkia huo ndio unaosahaulika zaidi. Seva ambazo diski zake huchomolewa kwa mbele zinapeleka umeme kupitia ubao wa nyuma wa diski, kwa hiyo huenda ndani hakuna hata waya mmoja wa umeme unaoning'inia. Draivu inataka volti 5 na volti 12. Fungua kava siku ya matengenezo mengine, piga picha ya nyaya zilizo wazi, na uhakikishe kuna moja inayofaa na inayofika.

Kama draivu yako ni ya zamani, ya SCSI, muunganisho uliotangulia SAS, yenye kebo pana ya pini 68, orodha ni nyingine. Kila kifaa kwenye mnyororo kinatakiwa kiwe na namba yake, na 7 kwa desturi ni ya kadi. Mwisho wa mnyororo lazima uwe na kizima mawimbi (terminator). Pini za kebo hiyo hupinda kwa urahisi, kwa hiyo usisukume kwa nguvu. Binafsi singenunua draivu ya aina hiyo leo isipokuwa kwa kusoma kaseti za kale.

Nafasi ya draivu yenyewe ni suala fupi. Ile ya nusu kimo inakaa kwenye nafasi ya inchi 5.25, yaani kimo cha takriban milimita 41. Seva nyingi za rafu, hasa zile nyembamba, hazina nafasi hiyo kabisa. Kama yako haina, nunua draivu ya nje. Ikiwa ipo, pima pia kina kuelekea nyuma pamoja na mahali kebo itakapopinda, na utumie skrubu fupi zilizokuja na draivu, maana ndefu zinaweza kugusa mitambo ya ndani.

Hewa ndiyo inayodharauliwa. Draivu nyingi za ndani hutegemea feni za seva kupoa, na hewa hiyo hupita karibu na tepu iliyo wazi. Ukiacha paneli ya jirani bila kifuniko, hewa itapita pale penye njia rahisi na kuiacha draivu ikichemka. Seva iliyoko sakafuni inavuta vumbi zaidi ya ile iliyoinuliwa. Chumba chenye joto linalozidi nyuzi 35 hakiifai.

Swali linalofuata ni kama seva inaweza kuilisha draivu. Tepu haipendi kusubiri. Draivu ya LTO-8 ya nusu kimo huandika megabaiti 300 kwa sekunde, na data ikija polepole hupunguza mwendo wake kiasi fulani. Ikizidi kuchelewa, tepu inasimama, inarudishwa nyuma kidogo, kisha inaanza tena. Mafundi wanaita hali hiyo kung'arisha viatu, na ukiisikiliza utaelewa jina lilikotoka: shwaa, kimya, shwaa, kimya, usiku kucha. Kazi inachelewa, na vichwa vya kusomea na kuandikia pamoja na tepu vinalika.

Chukua mfano wa kujaza kaseti moja ya terabaiti 12. Kwa mwendo kamili inachukua saa 11 na dakika chache. Data hiyo ikipitia mtandao wa gigabiti moja, utakaokupa takriban megabaiti 110 kwa sekunde siku ukiwa mzuri, inakuwa zaidi ya saa 30. Usiku mmoja hautoshi. Pima kasi halisi ya kusoma diski zako kwa mafaili yako mwenyewe, hasa kama ni mamilioni ya mafaili madogo, kwa sababu hayo huburuta hata diski nzuri. Dawa ya kawaida ni kukusanya nakala kwanza kwenye diski yenye kasi ndani ya seva hiyohiyo, kisha kuimimina kwenye tepu kwa mkupuo.

Upande wa programu, hakikisha mambo mawili kabla ya kulipa. Programu ya nakala rudufu iliyokuja na Windows Server haiandiki kwenye tepu tangu toleo la 2008, hivyo utahitaji programu nyingine na leseni yake. Na kama seva inaendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja), draivu haitatokea yenyewe ndani ya mojawapo. Mara nyingi inabidi uikabidhi mashine pepe moja kadi nzima ya SAS, na mashine hiyo haitaweza tena kuhamishwa kwenda seva nyingine ikiwa inafanya kazi.

Kwenye Linux draivu huonekana kwa majina mawili, /dev/st0 na /dev/nst0, na tofauti ya herufi moja ilinifundisha adabu. Jioni moja niliandika nakala tatu mfululizo kwa tar, programu ya kufungasha mafaili, kwenye st0, kila moja ikaisha bila kosa, nikaenda kulala nikiwa na amani. Asubuhi kaseti ilikuwa na nakala moja tu, ya tatu. Jina la st0 hurudisha tepu mwanzoni kila kazi inapoisha, kwa hiyo kila nakala ilikuwa imeandikwa juu ya mwenzake. Jina la nst0 huiacha pale ilipofika. Rekebisha hati (skripti) zako za nakala za usiku kabla draivu haijafika.

Siku yenyewe ikikaribia, fanya jambo linaloonekana kama utani: chukua nakala rudufu ya seva unayotaka kuiwekea kifaa cha nakala rudufu. Iweke mahali pengine na uihakiki. Kisha izime seva na kuiwasha mara moja bila kugusa kitu. Seva iliyokaa miaka miwili bila kuzimwa ina siri zake, na ni heri diski iliyochoka ijitokeze leo, kabla hujaanza kuilaumu kadi mpya. Angalia hali ya RAID. Kama diski moja imeshakufa, ahirisha kila kitu mpaka ibadilishwe.

Tayarisha pia kibodi na skrini za kuchomeka moja kwa moja. Kuongeza kadi ya PCIe kunaweza kubadili mpangilio wa kuwaka, na kwenye Linux jina la kadi ya mtandao laweza kuhama, tuseme kutoka enp3s0 kwenda enp4s0. Seva inawaka vizuri kabisa, ila haipatikani kwenye mtandao, na wewe uko nyumbani. Wakati wa kufungua, chomoa waya zote za umeme. Nyingi zina mbili, na anayechomoa moja anafanya kazi kwenye ubao ulio hai. Vaa mkanda wa kuondoa umeme tuli.

Kaseti mpya zikae kwenye chumba cha seva saa 24 kabla ya kutumika, zizoee joto na unyevu wa hapo. Iliyowahi kudondoka, fungua mlango wake mdogo utazame kipini cha chuma kinachoshika ncha ya tepu. Kikiwa kimehama mahali pake, usiiingize, maana itakwama ndani pamoja na draivu. Ukinunua LTO-9, jua kwamba kaseti mpya kabisa hupimwa na draivu mara ya kwanza inapoingizwa, kwa kawaida kama dakika 40 na wakati mwingine hadi saa mbili. Watu hudhani imeganda na kuizima. Nunua na kaseti moja ya kusafishia, lakini itumie draivu inapoomba tu, kwa kuwa kusafisha nako hula vichwa.

Usimbaji uliomo kwenye draivu tangu LTO-4 ni mzuri, mradi ufunguo hauishi ndani ya seva hiyohiyo peke yake. Uchapishe, uufungie mahali pengine.

Mwisho, panga jaribio la kurejesha kabla hujapanga ratiba ya kuandika. Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua pepe za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail, na nakala zilizokuwa kwenye diski zikaguswa pia. Google ilizirudisha kutoka kwenye tepu, kwa sababu tepu ilikuwa nje ya mtandao na hitilafu haikuifikia. Na zilisomeka. Wewe chagua folda moja ya kweli, iandike, toa kaseti, irudishe siku inayofuata, irejeshe mahali tofauti, kisha linganisha kwa sha256sum, programu inayoonyesha kama mafaili mawili ni yaleyale. Kama una draivu ya zamani inayobadilishwa, iache imechomekwa mpaka kila kaseti yenye namba kwenye ile orodha ya mwanzo iwe imesomwa na draivu mpya au kunakiliwa.